Kazi za Wiki kwa Mkono wa Kushoto

Kila Ijumaa mtoto wa dada yangu alirudi kutoka shule na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya soksi. Begi analo, tena zuri, lina zipu mbili. Nilipomuuliza kwa nini soksi, alinijibu kama mtu anayejibu swali la kitoto: "Begi naliweka chini, mamdogo. Soksi naivaa."

Karatasi yenyewe ilikuwa na kichwa cha herufi kubwa, KAZI ZA NYUMBANI ZA WIKI. Chini yake kulikuwa na visanduku vitano, Jumatatu mpaka Ijumaa, na mwishoni kabisa mstari wa saini ya mzazi au mlezi. Mlezi ni mimi. Dada yangu anapika kwenye mgahawa wa chakula kule Soga, karibu na stesheni ya treni mpya. Anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Jumamosi jioni na harufu ya vitunguu kwenye mtandio. Siku za katikati mtoto ni wangu.

Mimi nashona sare za shule. Cherehani yangu ipo barazani, kwenye nyumba tuliyopanga Maili Moja, Kibaha, ndani kidogo kutoka barabara kubwa. Shule niliishia kidato cha pili. Mtihani ulinikataa, na mimi sikuubembeleza. Ila sketi ndogo za bluu nikizishona, kila moja naiona imevaliwa na mtoto aliyekaa darasani kwangu. Ndiyo, darasa ninalo tayari, lipo kichwani. Lina kuta za njano, madirisha makubwa, kabati la vitabu na paka mmoja anayeruhusiwa kulala juu ya meza ya mwalimu. Mwalimu ndiye mimi.

Sasa mtu mwenye darasa kichwani ukimletea karatasi ya kazi za wiki, unategemea nini?

Naapa wiki ya kwanza nilikusudia kusaidia tu. Jumatatu ilisema: chora mmea mmoja unaopatikana nyumbani kwenu, onyesha mizizi, shina na majani. Mtoto alikuwa darasa la pili. Akashika penseli kama anayeshika mchi, akachora kitu chenye miguu mingi.

"Hiki nini?"

"Muhogo."

"Mbona unakimbia?"

Akacheka, mimi nikacheka, nikamwambia ngoja nikuonyeshe kidogo tu. Hicho kidogo kilichukua saa nzima. Nilichora muhogo wenye majani ya vidole vitano, mizizi yenye udongo, na kivuli upande wa magharibi. Nilipofika kwenye kuandika majina ya sehemu nikashtuka: mwandiko wangu ni wa mtu mzima. Nikahamisha kalamu kwenye mkono wa kushoto. Herufi zikatoka zimepinda, zimelala, za mtoto kabisa. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshaenda kuruka kamba na rafiki yake wa nyumba ya pili, yule wanayeshikana vidole kwenda shule na kukaa dawati moja.

Karatasi ilirudi na tiki nyekundu kubwa na maneno mawili: Vizuri sana!

Mimi katika maisha yangu yote ya shule sikuwahi kuandikiwa vizuri sana. Niliandikiwa "jitahidi", niliandikiwa "ongeza bidii", na mara moja niliandikiwa "nione". Niliisoma ile tiki mara tatu, nikaibandika ukutani juu ya cherehani, na wateja waliouliza nikawaambia, "Ya huyu mtoto, ana kichwa." Wiki iliyofuata sikuisubiri karatasi itoke kwenye soksi. Niliichomoa mwenyewe mlangoni.

Tulihesabu madirisha, nikaandika. Tulipima chumba kwa hatua, nikaandika. Tuliandika hadithi ya sungura aliyeogopa mvua, na hiyo, niseme ukweli, ilikuwa nzuri sana. Ule muhogo mwalimu aliomba uchorwe tena, nikauchora, ukabandikwa kwenye ukuta wa darasa la pili kwa jina la mtoto. Dada akirudi Jumamosi anazitandaza zile karatasi kitandani, anazipitisha mkono kama kitenge kipya, kisha anazirudisha kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro. "Huyu atanitoa jikoni," alikuwa anasema. Na mimi nilikuwa nafurahi kweli. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo, kwamba sikujiona mwongo hata siku moja.

Halafu mwalimu akaja kushonesha gauni.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Nikampa kiti, nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku anatazama ile karatasi ukutani. Mtoto alikuwa chini ya meza ya kukatia, anachagua vitambaa vya mwanasesere wake. Nilianza kumpima mabega.

"Mama mdogo," mwalimu akaanza, "huyu mtoto kazi za nyumbani anapata zote."

"Anajitahidi, mwalimu."

"Darasani nikimwambia soma, anatazama dari."

"Labda anaona aibu."

"Aibu? Mchoraji wa muhogo wenye kivuli?" Kisha akasema kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza, "Hebu lete mkono wako wa kushoto."

Nikautoa. Ubavuni mwa kidole kidogo, pale mkono unaposugua karatasi, palikuwa na wino wa bluu. Ilikuwa Alhamisi.

Mwalimu akavaa miwani, akaukagua kama daktari, akanirudishia. "Mwandiko mzuri," akasema. Kisha akaacha utani. Aliniambia mtoto hajui kuunganisha hata silabi mbili. Akasema tukifunga shule mwezi wa kumi na mbili atamkalisha mbele yake peke yake, asome aya moja na aandike sentensi tatu. Akiweza, anakwenda la tatu na wenzake. Asipoweza, anarudia la pili.

Alipoondoka niliinama chini ya meza. Mtoto alikuwa amekaa na kitambaa cha kijani mkononi.

"Mamdogo, nikibaki la pili, dawati langu atakaa nani?"

"Lipi?"

"Lile la mimi na rafiki yangu. Yeye atakuwa darasa la tatu na nani?"

Nilibandua ile tiki ukutani nikaitia kwenye droo ya cherehani, pamoja na sindano zilizovunjika.

Jumamosi nilimwambia dada. Nilitegemea anitukane. Alitandaza karatasi zote kitandani kama kawaida yake, akazitazama moja moja.

"Kwa hiyo hizi vizuri sana ni zako?"

"Ni zangu."

"Hata ya sungura?"

"Hata ya sungura."

"Hongera basi," akasema, halafu akazikunja, na uso wake sikuweza kuutazama.

Kuanzia hapo nikaamua kumfundisha. Kumbe mimi nina ugonjwa: siwezi kumwona mtoto amekwama. Akifika kwenye neno, akatulia, macho yakaanza kuzunguka, najikuta nimeacha kushona. Ananitazama, na mimi bila kujijua midomo inatengeneza lile neno. "Ku... ku... kuku!" anasema, na kwenye karatasi imeandikwa kuni. Nilikuja kugundua kwamba karatasi haangalii kabisa. Macho yake yote yapo kwenye midomo yangu. Wiki tatu nzima alikuwa anajifunza uso wangu, na alikuwa ameshaufaulu.

Ilipofika likizo fupi ya mwezi wa tisa, dada akasema, "Mpeleke kwa mama. Wewe ukiwa karibu, huyu hasomi."

Mama yetu anaishi Kisarawe, ndani huko njia ya Maneromango, ambako bodaboda anakubali kukupeleka halafu katikati ya mchanga anajuta. Ana mihogo, mikorosho na mananasi machache. Baba alifariki kabla mtoto huyu hajazaliwa. Mama msahafu anausoma vizuri, alipita chuoni tangu mdogo, lakini herufi za shule hazijui hata moja. Akipata ujumbe kwenye simu anampa mpita njia amsomee.

Tulipofika alikuwa anamenya mihogo. Mtoto akapiga magoti kumwamkia, na mama akaanza utani wake wa siku zote, ule wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu! Umekuja kuninyang'anya nyumba?"

"Nimekuja na karatasi, bibi."

"Karatasi ya talaka?"

"Ya shule!"

"Haya. Mume wetu aliniachia nyumba nzima nifagie peke yangu, leo angalau nimepata wa kunishikia ufagio."

Nilimvuta mama pembeni nimweleze karatasi inataka nini, siku kwa siku. Akaziba masikio kwa viganja vyenye utomvu wa muhogo. "Usiniambie. Mimi sijui kusoma, msomaji ninaye. Wewe nenda, cherehani inakungoja."

Niliporudi Kibaha nilipiga simu kila siku. Yaliyotokea niliyapata vipande vipande, mengine kwa simu, mengine mama alinisimulia baadaye huku anajipiga mapaja.

Jumatatu asubuhi alimwita mjukuu. "Mke mwenzangu, karatasi inasemaje?" Mtoto akaitazama karatasi, akamtazama bibi usoni. Uso wa bibi haukuwa na neno lolote, maana bibi naye alikuwa anangoja kuambiwa. Mtoto akafikiri, akasema, "Inasema tupike wali wa nazi."

Mama akakuna nazi. Wakala wali.

Jumanne: "Karatasi inasemaje?" "Inasema tuchume nanasi." Wakachuma. Nilipopiga simu siku hiyo nikauliza kazi zinaendeleaje, mama akaniambia shule yetu ni nzuri mno, angeijua mapema na yeye angesoma. Nikashika kichwa. Jumatatu ilikuwa kuhesabu milango! Nikataka kusema, mama akakata simu.

Jumatano mtoto akasoma kwamba bibi ampeleke dukani akanunuliwe soda.

Hapo mama akaweka chini ungo. "Jumatatu wali, Jumanne nanasi, leo soda. Hiyo ni shule au harusi? Lete hapa." Akachomoa njiti moja kwenye ufagio wa mnazi, akaivunja kwa urefu wa kidole, akampa. "Sisi chuoni tulikuwa hatusomi kwa macho. Macho yanadanganya. Weka njiti chini ya herufi ya kwanza. Inaitwaje hiyo?"

"Ha."

"Na inayofuata?"

"E."

"Ukizisema pamoja?"

"He."

"Endelea. Mimi sina haraka, mihogo imeshamenywa."

Na kwa sababu bibi alikuwa hajui, hakuwa na cha kumnong'oneza. Njiti ilisogea. Ikikwama, wote wawili wanakwama, wanaitazama ile herufi kama wanatazama mdudu wasiyemjua. Ilichukua muda mpaka adhana ya adhuhuri kusoma maneno matano: Hesabu milango ya nyumba yenu.

"Milango!" mama akapiga kelele. "Kumbe siku ya kwanza ilitaka milango, wewe ukanikunisha nazi!"

"Nilikosea, bibi."

"Hukukosea, ulikuwa na njaa. Nenda kahesabu."

Milango ilikuwa mitatu ukihesabu na wa choo. Wakazifanya kazi za siku tatu mchana ule na jioni yake, Alhamisi na Ijumaa wakaenda na siku zao. Nikipiga simu mama ananijibu, "Msomaji yupo kazini," anakata. Ijumaa hakupokea kabisa. Nilishona mfuko wa sketi ukaangalia nyuma, nikafumua, nikashona tena, ukaangalia nyuma.

Jumamosi nilimfuata. Karatasi niliyokabidhiwa ilikuwa na alama ya vidole vya nanasi, tundu moja la kufuta kupita kiasi, na herufi kubwa zinazopanda mlima. Nikaitia kwenye mkoba bila kuisoma, kwa sababu niliona tundu na nikajua la kufanya.

Jumapili mchana, Kibaha, mtoto akiwa kwa rafiki yake, nilitoa karatasi safi niliyoitoa kopi kwenye duka la vifaa vya shule. Kalamu mkono wa kushoto. Nilijiambia nanakili tu, majibu ni yake, nasafisha tu kama ninavyosafisha nyuzi kwenye pindo. Nikaanza: Jumatatu, milango mitatu. Nikafika Ijumaa. Kazi ya Ijumaa ilikuwa: taja mtu mmoja wa familia yako, uandike sentensi tatu kumhusu. Mtoto alikuwa ameandika hivi:

*Mimi na bibi ni wake weza. Mume wetu alikufa. Nimekuja kumsadia kufagia.*

Nililaza kichwa juu ya cherehani nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikalia kidogo, maana huyo mume wao ni baba yangu, na hakuna mtu aliyewahi kumwandika popote kwa maneno mafupi na ya kawaida kama yale. Ningeirekebisha vipi? Ningesema mke mwenza ni utani wa nyumbani, hauandikwi? Ningeweka herufi zilizosahaulika, na kisha ile ya sungura aliyeogopa mvua ingekuwa imerudi. Karatasi safi nikaichana vipande vinne. Ile ya nanasi nikaisaini kwa mkono wa kulia.

Mwalimu alinipigia simu Jumatatu saa nne. Nilisikia anahangaika na pumzi.

"Mama mdogo, hii familia yenu..."

"Ni utani tu, mwalimu. Bibi yake humwita mke mwenzangu."

"Najua! Na mimi bibi yangu aliniita hivyo hivyo. Lakini kuandikwa kwenye kazi ya serikali, na mume keshafariki!" Akacheka tena. "Hii ameandika nani?"

"Yeye."

"Naona. Wewe huwezi kukosea vizuri hivi."

Alimpa tiki moja na alama mbili za kosa kwa wino mwekundu, na chini akaandika: "Endelea." Niliibandika ukutani juu ya cherehani.

Wiki zilizobaki tulisoma kwa njiti. Mimi nilikuwa nakaa nimempa mgongo, nashona, nasikiliza. Akikwama nakanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu ili midomo yangu ipate kazi nyingine. Siku nyingine alisoma mstari mmoja, siku nyingine hakusoma kitu na akatupa njiti uani, tukaitafuta kwenye majani pamoja na rafiki yake. Sikuwa na hakika. Mwezi wa kumi na mbili ulipofika bado sikuwa na hakika.

Siku ya kufunga shule nilisimama nje ya dirisha la darasa la pili. Muhogo wangu ulikuwa bado ukutani, umepauka kidogo kwa jua, kivuli chake kipo palepale. Mtoto alikuwa peke yake kwenye dawati la mbele. Mwalimu akamwekea kitabu. Yeye akainama, akaingiza kidole kwenye soksi, akatoa njiti.

"Hiyo nini?" mwalimu akauliza.

"Ya kusomea."

"Haya, soma."

Akaanza. Sauti ilikuwa ndogo, ikipanda na kushuka ngazi. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Katikati ya wa tatu akanyamaza. Niliona njiti imesimama. Niliona macho yanapanda, yanapita dari, yanakuja moja kwa moja dirishani kwangu.

Lile neno nililiona, kitabu kilikuwa kimenielekea. Lilikuwa "wanavuna". Midomo yangu ilishaanza kujikusanya.

Nikavuta mtandio nikajifunika uso mzima.

Mle ndani ya mtandio kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya cherehani. Nilisikia watoto wanacheza uwanjani, nikasikia mwalimu anageuza kalamu mezani. Muda ulipita mwingi kiasi kwamba nilianza kupanga jinsi nitakavyomwambia dada. Kisha sauti ndogo ikasema, "Wa." Ikakaa. "Wana." Ikakaa tena, kwa muda mrefu zaidi. "Wanavu. Wanavuna." Na ikaendelea, ngazi baada ya ngazi, mpaka nukta.

Sikujifunua mpaka nilipoguswa bega. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto amemshika gauni, lile nililolishona mimi. Sentensi zake tatu zilikuwa mkononi mwa mwalimu, mbili zikiwa na makosa.

"Huyu anakwenda la tatu," mwalimu akasema. "Mlezi wake ndiye anayebaki la pili. Udanganyifu kwenye mitihani."

"Nitarudia, mwalimu," nikasema. "Kwa furaha."

Mtoto hakungoja kusikia mengine. Alikimbia kwenda kumtafuta rafiki yake uwanjani, soksi moja imeshuka.

Tulipofika nyumbani tulimpigia dada, tukasikia sufuria zinaanguka kule Soga. Halafu tukampigia mama. Nilimpa mtoto simu, akaishika kwa mikono miwili.

"Bibi, nimefaulu! Nimepewa karatasi ya likizo!"

"Hongera, mke mwenzangu! Na hiyo inasemaje?"

Mtoto akaifungua ile karatasi mpya, akaitazama, akanitazama mimi. Nikageukia ukuta.

"Inasema," akaanza polepole, "tupike wali wa nazi."

"Weka njiti," mama akasema. "Anza tena."